Catherine Kasavuli, msomaji wa habari wa Kenya
Catherine Kasavuli (1962–2022) alianza utangazaji mwaka 1980 katika shirika la serikali, Sauti ya Kenya, akiwa na umri wa miaka 18. Enzi hizo Wakenya walikuwa na televisheni moja tu, ya serikali. KTN, kituo cha kwanza cha binafsi, kilipofunguliwa jijini Nairobi mwaka 1990, alikuwa mwanamke wa kwanza kusoma habari moja kwa moja katika televisheni binafsi nchini humo. Baadaye alihamia Citizen. Mwaka 2021 alirejea alikoanzia, shirika ambalo sasa huitwa KBC, pamoja na wasomaji wenzake wakongwe. Hakudumu. Saratani ya mlango wa kizazi ilimwondoa tarehe 29 Desemba 2022.