Mshono wa Neno: Funzo kutoka Historia ya Kiholanzi

Katika eneo letu la Maziwa Makuu, Ubelgiji ikitajwa aghalabu tunakumbuka Kifaransa. Hata hivyo, zaidi ya nusu ya Wabelgiji husema Kiholanzi, lugha inayosifika kwa maneno ambatani marefu. Mathalani, arbeidsongeschiktheidsverzekering, yaani bima ya kutoweza kufanya kazi, ni neno moja lenye silabi 10: ar-beids-on-ge-schikt-heids-ver-ze-ke-ring.

Mwaka 1863, Matthias de Vries na L. A. te Winkel walitoa misingi ya tahajia kwa ajili ya kamusi kuu ya lugha hiyo. Ubelgiji iliikubali mwaka 1864. Serikali ya Uholanzi ilisubiri hadi 1883. Wataalamu hao hawakufuata matamshi pekee, bali pia umbo la neno. Hand (mkono) hutamkwa "hant", lakini huandikwa kwa d kwa sababu wingi wake ni handen.

Hapo ndipo mgawanyo wa silabi unapohitaji maarifa. Handen hukatwa han-den, na d husikika. Handarbeid (kazi ya mikono) hukatwa penye mshono, hand-ar-beid, na d ileile husikika kama t. Vivyo hivyo kwartslagen: kwart-sla-gen ni mageuzo ya robo mzunguko, kwarts-la-gen ni matabaka ya madini ya kwatzi. Msomaji asiyejua maana hawezi kukata wala kutamka sawasawa.

Kiswahili kimetuepusha na taabu hiyo. Silabi zetu nyingi huishia kwa irabu, kwa hiyo katika mwanamaji (mwa-na-ma-ji) mshono wa mwana na maji huangukia penye mpaka wa silabi wenyewe. Mkazo nao ni mmoja tu, kwenye silabi ya pili kutoka mwisho.

Kwetu walimu, jambo hili si dogo. Katika ambatani za Kiholanzi, mkazo mkuu aghalabu huwa kwenye sehemu ya kwanza. Mwanafunzi mgeni akitamka mwanamaji kwa kukazia mwa-, tusimwone mzembe. Anafuata kanuni ya kwao. Tumwonyeshe kwamba Kiholanzi huuliza kwanza neno limeshonwa wapi, ilhali Kiswahili huhesabu silabi kutoka mwisho. Akishaitambua tofauti hiyo, atajisahihisha mwenyewe.