Kuvu ndiyo mlezi wa okidi

Katika karne ya 19, matajiri wa Ulaya walinunua kwa bei kubwa okidi zilizong'olewa misituni Amerika na Asia. Kuziotesha wenyewe kulikuwa kubahatisha tu. Watunza bustani walinyunyiza mbegu kwenye chungu cha mmea mama, wakasubiri, na mara nyingi hawakupata kitu.

Mbegu hazikuwa haba. Charles Darwin alikadiria kuwa shina moja la okidi ya Uingereza hubeba zaidi ya 186,000. Lakini ni laini kama vumbi, na ndani yake hamna akiba ya chakula.

Mei 3, 1899, Noël Bernard, Mfaransa wa miaka 25 aliyekuwa akitumikia jeshi mjini Melun, alikuwa katika msitu wa Fontainebleau. Chini ya majani makavu alikuta bua la okidi iitwayo Neottia nidus-avis. Lilikuwa limeanguka na kufukiwa, na mbegu zilizobaki ndani ya matunda yake zilikuwa zimeota. Alipozitazama kwa hadubini, aliona miche yote imejaa nyuzi za kuvu. Wataalamu walikwishajua kuwa kuvu hukaa kwenye mizizi ya okidi. Bernard ndiye aliyetambua kuwa bila kuvu hiyo mbegu haioti.

Kuvu hupenya mbegu na kujisokota ndani ya seli zake. Mbegu nayo huzimeng'enya nyuzi hizo, ikapata lishe ambayo kuvu imeikusanya udongoni. Polepole huvimba, bila jani wala mzizi, na spishi nyingine hukaa hivyo gizani miezi mingi. Neottia nidus-avis haiwi kijani kamwe; hulishwa na kuvu maisha yake yote.

Mwaka 1903 Bernard aliotesha okidi maabara kwa kuvu aliyoitenga mwenyewe. Kifua kikuu kilimuua mwaka 1911, akiwa na miaka 36 tu, hasara kubwa kwa sayansi. Mwaka 1922 Lewis Knudson wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, aliotesha mbegu kwa sukari bila kuvu, na biashara ya okidi za chupani ikashamiri.

Porini hakuna wa kuzipa sukari. Kwenye nyanda za juu kusini mwa Tanzania, viazi vya okidi huchimbwa na kupelekwa Zambia kupikwa chakula kiitwacho chikanda. Kitulo, iliyo kwenye nyanda hizo, ilifanywa Hifadhi ya Taifa mwaka 2005, nasi tuulinde udongo wake kwa bidii ileile tunayolinda maua, kwa kuwa kuvu inayoyalea imo humo.