Sanduku, Sheria na Mkutano: Kazi ya Shirika la Maendeleo katika Mji kama Likasi

Katika kitabu cha Nehemia, sura ya 5, watu wanamjia liwali wakilia. Wengine hawana nafaka. Wengine wameweka rehani mashamba na nyumba zao. Wengine wameanza kuwatoa watoto wao utumwani ili walipe deni. Na haya yote yanatokea wakati wanapojenga ukuta kwa kuogopa adui. Njaa, kutolingana na ukosefu wa usalama viliwafikia pamoja. Sisi wa Katanga tunaielewa sura hiyo bila kufafanuliwa.

Mji uliofiwa na mzazi

Likasi iko karibu kilometa 120 kutoka Lubumbashi, kwenye barabara ya Kolwezi. Ina komini nne: Likasi, Kikula, Panda na Shituru. Hadi mwaka wa 1966 mji uliitwa Jadotville. Aliyeujenga ni Union Minière, na baadaye Gécamines ikachukua nafasi yake. Kampuni ilitoa mshahara, nyumba, unga wa bukari, hospitali na shule. Wazee wengi bado huizungumzia kama baba na mama.

Mwaka wa 1986 Gécamines ilitoa karibu tani 476,000 za shaba. Mwaka wa 1994 haikufikisha hata sehemu ya kumi ya hiyo. Mishahara ikachelewa miezi, kisha miaka. Kati ya 2003 na 2004, kwa mpango uliogharimiwa na Benki ya Dunia, wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa kampuni hiyo waliacha kazi na kupewa pesa mara moja tu. Mpango uliitwa wa kujitolea, lakini mtu asiyelipwa kwa miaka hana njia nyingi za kuchagua. Katika nyumba nyingi pesa hizo ziliishia kwenye madeni, minervali na matibabu.

Baada ya hapo wengi walishika sururu. Wakreseri walijaa kwenye machimbo ya zamani, hata Shinkolobwe, mahali palipotoka urani ya mabomu ya mwaka wa 1945. Serikali ilipafunga mwanzoni mwa 2004, lakini uchimbaji uliendelea, na mwezi wa Julai mwaka huo shimo liliporomoka na kuua watu.

Usalama nao ulikuwa umevunjika mapema. Mwaka wa 1992 na 1993, kazi zilipopungua, wanasiasa waliwaambia watu kwamba jirani mwenye asili ya Kasai ndiye aliyewanyang'anya mkate. Familia zilifukuzwa makwao, na maelfu walilala kwenye stesheni ya Likasi wakingoja gari-moshi. Wengine walikuwa wamezaliwa papo hapo, na wengine waliketi nasi katika benchi moja kanisani. Tusisahau kwamba chuki hiyo ilikua katika udongo wa mshahara uliokosekana.

Shirika la maendeleo ni nini?

Sheria namba 004 ya tarehe 20 Julai 2001 ndiyo inayoongoza mashirika yasiyotafuta faida, yale tunayoyaita asbl. Wanamemba wake hawagawani faida. Lakini kutogawana faida peke yake hakutoshi kuleta maendeleo. Anayegawa magunia ya unga kisha akaondoka ametoa msaada, na siku ya njaa msaada ni wa lazima. Kazi ya maendeleo hupimwa siku shirika linapoondoka: je, watu wamebaki na nini mikononi?

Mfano wa karibu uko Kolwezi. Mwaka wa 2012 Sista Catherine Mutindi, mzaliwa wa Kenya, na masista wenzake wa Kikatoliki walianzisha huko kazi ya Bon Pasteur. Hawakuishia kuwatoa watoto machimboni na kuwafundisha. Waliona kwamba mtoto anarudi shimoni ikiwa mama yake hana kitu jikoni. Kwa hiyo wanawake walisaidiwa kulima na kujifunza ufundi, na wakazi wakafundishwa haki zao ili waweze kusema mbele ya wakubwa. Mwaka wa 2019 kazi hiyo ilipewa tuzo ya Opus huko Marekani. Sisi Waprotestanti tunaweza kujifunza hapo bila haya.

Sanduku

Likirimba tunaijua: kila mtu anatoa, mmoja anapokea. Kikundi cha akiba na mkopo, AVEC, kinaenda mbele zaidi. Njia hii ilianzishwa na shirika la CARE huko Niger mwaka wa 1991. Watu 15 hadi 25 wanaojuana hukutana kila juma. Kila mmoja hununua hisa, kuanzia moja hadi tano. Pesa hukaa katika sanduku lenye kufuli tatu, na funguo tatu zinashikwa na watu watatu tofauti. Mwanamemba anaweza kukopa na kurudisha kwa riba ndogo, na riba hiyo ni mali ya kikundi. Kuna pia mfuko wa ugonjwa na msiba. Mwisho wa mwaka wanagawana kulingana na hisa.

Hesabu zote hufanywa mbele ya wote. Pasta asishike ufunguo, wala mkubwa wa shirika. Hii si kuwadharau, bali kuwalinda.

Sheria

Sanduku haliwezi kusafisha mto uliochafuliwa wala kujenga barabara. Kwa hayo kuna Sheria ya Madini iliyobadilishwa mwezi wa Machi 2018. Katika ushuru ambao kampuni hulipa kwa madini inayouza, asilimia 50 huenda serikali kuu, 25 jimboni, 15 kwa mji, komini au eneo lingine la mtaa yanapochimbwa, na 10 kwenye mfuko wa vizazi vijavyo. Tena kampuni inatakiwa kutoa angalau asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa miradi ya wakazi, na kutia sahihi mapatano nao yanayoandika ahadi zake: shule, maji, kituo cha afya.

Basi shirika zuri huwafundisha watu kusoma mapatano hayo, kuuliza meya na burgumestri pesa zilizoingia zimefanya nini, na kuhakikisha kwamba wanawake na wakreseri nao wanaketi mezani. Mahali ambapo mtu hajui sehemu yake, ni rahisi kumwambia kwamba jirani ndiye aliyeiiba.

Makanisa yetu

Nehemia hakuwapa waliolia chakula cha siku moja tu. Aliita mkutano mkubwa, akawakemea wakopeshaji mbele ya watu, na mashamba yakarudishwa. Kila parokia yetu ina chumba, benchi na watu wanaoaminiana, na hayo yanatosha kuanza. Shirika likija kwenu, ndugu, liulizeni maswali matatu: nani atashika ufunguo, nani ataona hesabu, na nani kati ya majirani zetu hajaitwa bado?