Kuku wa mayai mengi alitoka wapi, na Kabambare atafaa?

Ndugu wasikilizaji wa Kasongo na Kabambare, nanyi mliokimbia vijiji mkaacha mifugo nyuma: wengi mnauliza kama inafaa kununua kuku wa kizungu kwa ajili ya mayai. Tuangalie kwanza namna alivyotengenezwa.

Katika karne ya 19 wafugaji wa Rhode Island, Marekani, walichanganya kuku wao na majogoo wa Asia, wakapata kuku mwekundu hodari wa kutaga. Kutoka damu hiyo na nyingine, Ufaransa ilitoa Isa Brown mwaka 1978. Huyo anaweza kutaga mayai 300 hivi kwa mwaka. Wa kijijini kwetu hutaga 40 mpaka 60. Lakini yule wa 300 alichaguliwa kizazi baada ya kizazi ndani ya banda, mbele ya chakula kilichopimwa. Hamu ya kulalia mayai waliiondoa kwa makusudi, sababu kuku anayelalia hatagi. Tena ukimzalisha mwenyewe, watoto hawamfuati mama. Kila mara unarudi kununua.

Hapo ndipo taabu yetu. Kifaranga akitoka kwenye yai anaishi kwa kiini siku 2 au 3, ndiyo maana huko anatumwa mbali bila chakula. Barabara zetu wakati wa mvua mnazijua.

India ilifikiria watu wa vijijini. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Vinod Kapur wa Kegg Farms alimtoa Kuroiler, anayejitafutia chakula uani na kutaga mayai 150 hivi. Uganda ilianza kumjaribu mwaka 2010 pamoja na Chuo Kikuu cha Arizona State. Huyu naye si wa kutegemea kwa kulalia.

Maoni yangu: mwenye mahindi, soya na soko la mayai karibu, achukue Isa Brown. Mama aliyeko Salamabila, asiyejua kama mwezi ujao atakimbia tena, abaki na majike wa kijijini, atafute jogoo mmoja tu wa Kuroiler au wa Rhode Island. Watoto watakuwa wakubwa kidogo, na majike wataendelea kulalia.

Kideri hakichagui kabila la kuku. Ulizeni daktari wa mifugo dawa ya chanjo ya matone, tone moja jichoni, na kurudia kila miezi 3 au 4.