Cheo na Kipimo: Historia Fupi ya Upandishaji wa Madaraja katika Michezo ya Vita ya Video

Neno cheo lina maana mbili katika Kiswahili: kipimo cha kitu, na daraja la mtu. Maana hizo zaeleza vema historia ya michezo ya video ya mbinu za vita, ambamo mchezaji huongoza kikosi kwa zamu na kuwapandisha wapiganaji wake madaraja. Kilichobadilika miaka hata miaka ni kile ambacho kwacho mpandishwaji hupimwa.

Katika michezo ya kale ya ubao kipimo kilikuwa mahali. Kitunda cha sataranji hupanda kifikapo mstari wa mwisho. Katika shogi ya Wajapani, kete nyingi zaweza kupinduliwa ziingiapo mistari mitatu ya mwisho upande wa adui. Zikitekwa, hupoteza cheo hicho.

Kipimo cha pili kilikuwa uzoefu. Mwaka 1990 Nintendo ilitoa huko Japani mchezo wa kwanza wa Fire Emblem, uliobuniwa na Shouzou Kaga. Humo mpiganaji huongeza ngazi kwa kupigana, na mwisho wake ni ngazi ya 20. Tangu ngazi ya 10 aweza kupandishwa kwa kifaa kilichowekwa kwa ajili ya kazi yake, na hapo hesabu huanza tena kwenye 1. Uwezo wowote uliopungua kiwango cha daraja jipya hujazwa hadi kiwango hicho. Basi apandaye mapema hupata nguvu upesi, lakini huziacha ngazi ambazo angalizipata kwa kusubiri; naye asubiriye hupigana akiwa dhaifu, katika mchezo ambao auawaye kwa kawaida harudi. Wala si wote waliopewa nafasi: Marth, mwana wa mfalme aongozaye kikosi, hakuwa na daraja la kupandia.

Kipimo cha tatu ni hiari. Katika Final Fantasy Tactics ya mwaka 1997, mpiganaji hufungua kazi mpya kwa kujizoeza zile za awali, na aweza kuirudia ya zamani huku akichukua baadhi ya ujuzi alioupata. Fire Emblem: The Sacred Stones ya mwaka 2004 nayo iliwapa wapiganaji wengi njia mbili za kupandia.

Kwa hiyo uamuzi umehama. Zamani ubao ulikuwa na sehemu kubwa katika kumpima mpiganaji. Sasa mzigo huo umemwelemea mchezaji, ambaye hapana budi aamue nani apande, lini, na awe nani.