Moto Ukishika Kericho, Nani Hutoka?

Binamu yangu ana alama ya moto mikono yote miwili, kuanzia vidole mpaka karibu na kiwiko. Si fundi wa kuchomelea vyuma, si mpishi. Ni msee wa bodaboda. Usiku mmoja duka la mbao pale senta yetu lilishika moto, mtu akapiga nduru, yeye akatoka na jerikeni ya maji. Gari la zimamoto lilipofika, mabati yalikuwa yameshaanguka. Bili ya hospitali tulichangishana kwenye grupu ya WhatsApp.

Nimekuwa nikijiuliza tangu siku ile: huku kwetu Kericho na Bomet, moto ukishika, kazi ya kuuzima ni ya nani hasa?

Kwenye karatasi jibu liko wazi. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 liliipa kaunti kazi ya zimamoto. Msitu wa serikali uko chini ya Huduma ya Misitu, KFS. Kiwanda cha chai nacho kina kanuni za mwaka 2007 zinazomtaka mwajiri awe na kikosi cha kuzima moto kutoka kwa wafanyakazi wake mwenyewe. Pande tatu, kila moja na ua lake. Shida ni kwamba moto hausomi mipaka, na ukiangalia vizuri utaona pande zote tatu zinamtegemea mtu mmoja: jirani mwenye panga, tawi bichi na maji kidogo. Huyo jirani ana historia, na nadhani viongozi wetu hawaijui ama wanajifanya hawaijui.

Tuanze na kokwet. Kwa Wakipsigis, kokwet ni ule ujirani wa boma zinazokaa pamoja, na wazee wanaoketi kuamua mambo ya pale. Nyumba zilikuwa za nyasi, kwa hivyo cheche moja ingeweza kumaliza boma nzima. Nduru ikipigwa, ulitoka. Usipotoka, siku yako ikifika ungeipiga peke yako. Kogo wangu bado anahesabu majirani hivyo. Ukimwuliza fulani ni jirani yenu, hakuambii ploti yake iko wapi. Anakuambia kama alikuja ile siku ghala letu la mahindi lilipoungua.

Halafu ikaja reli. Ilifika ziwani mwaka 1901, na injini za wakati huo zilikula kuni vibaya sana. Serikali ya kikoloni ikahitaji miti mipya, na miti ilihitaji watu wa kuipanda. Hapo mwaka wa 1910 hivi ukaanza mfumo wa shamba: unapewa kipande cha ardhi ndani ya msitu, unapanda mahindi na viazi katikati ya miche, unaitunza hiyo miche, na baada ya miaka kama mitatu miti ikishafunga kivuli unahamishiwa kipande kingine. Watu waliishi humo humo na familia zao. Sasa fikiria, msitu ukiwaka, mtu kama huyo alihitaji kubembelezwa? Chakula chake kilikuwa ndani. Watoto wake walikuwa ndani. Simpambi mkoloni hapa. Ule ulikuwa mpango wa kupata kazi kwa bei ya chini, na wenye msitu kabla ya wote, Waogiek, walionekana kama wavamizi kwao wenyewe. Ilibidi wangoje mpaka 2017 ndipo Mahakama ya Afrika iseme wazi kwamba haki zao zilivunjwa. Lakini kuhusu moto, ule mfumo ulikuwa na kitu: aliyeuzima alikuwa na cha kupoteza.

Kwenye chai ilikuwa hivyo hivyo. Brooke Bond na James Finlay walipoanza mashamba yao Kericho miaka ya 1920, walijenga na makao ya wafanyakazi. Watu wakaja kutoka Kisii, Nyanza na upande wa Waluhya. Hawakuwa kokwet moja, lugha zilikuwa nyingi, lakini ukuta wako ulishikana na wa jirani. Nyumba yake ikiungua, yako ndiyo inafuata.

Mwisho wa miaka ya 1980 mfumo wa shamba ulipigwa marufuku na watu wakaondolewa msituni. Sababu zilikuwepo, tusidanganyane. Kuna waliolima na kuacha miche ife makusudi ili wasihamishwe. Miaka hiyo hiyo serikali ikapanda mkanda wa chai ukingoni mwa msitu, ile tunaita Nyayo Tea Zones, ili mashamba yasisogee ndani. Mpango mzuri tu. Ila katika hesabu zote hizo sijaona palipoandikwa: na wale waliokuwa wakikimbilia moto, nafasi yao inachukuliwa na nani?

Jibu lilikuja na Sheria ya Misitu ya 2005. Ikaruhusu vyama vya jamii vya misitu, na kati ya kazi zake ikaandikwa kusaidia kuzima moto. Sheria ya 2016 ikaendeleza hivyo. Wanachama wanaweza kulima tena kati ya miche, lakini hawaishi ndani. Unaona shida iko wapi? Miaka mitatu ikiisha, miti ikifunga kivuli, huna tena shamba pale. Sababu yako ya kutoka mbio inaisha, ila jina lako linabaki kwenye orodha. Nimewahi kumsindikiza mjomba kwenye mkutano wa chama kimoja. Mimi ndiye nilikuwa mdogo kuliko wote, na nilikuwa nimeenda kumbebea mwavuli.

Upande wa chai, watu wenyewe wanapungua. Mwezi wa tano 2023 vijana waliteketeza mashine za kuchuna chai Kericho, mkaiona kwenye habari, mkasema ni fujo. Ilikuwa fujo, na mtu alikufa. Lakini jiulizeni mashine inaondoa nini zaidi ya kibarua. Mchuna chai akihama na familia yake, nyumba inabaki tupu, na kile kikosi cha moto kinachotoka kwa wafanyakazi kinapungukiwa mikono. Mashine haisikii nduru.

Kuna mtu atasema basi wacha majirani wajitokeze tu, Wakenya tuna moyo. Moyo tunao, na ndio unanitia hofu. Tarehe 31 Januari 2009 lori la mafuta lilianguka Sachangwan, kabla hujafika Mau Summit pale unapokata kushoto kuja Kericho. Watu walijaa pale, wengi wakichota mafuta. Moto uliposhika, zaidi ya watu 110 walikufa. Tofauti ya umati na kikosi ni mafunzo: kujua wakati wa kusogea na wakati wa kukimbia, na kuwa na mtu mmoja ambaye akisema rudi, mnarudi.

Chile wazima moto wao ni wa kujitolea, nchi nzima. Walianza Valparaíso mwaka 1851, na hadi leo wanachama hata hulipa ada kuwa ndani. Nilidhani ni uongo mara ya kwanza kusoma. Lakini wana kikosi chenye jina, sare, kituo cha kukutania, na serikali huchangia vifaa. Mtu anajivunia kuwa humo kama sisi tunavyojivunia timu ya mpira.

Kama ningekuwa ofisi ya kaunti, ningeanzia steji za boda. Tayari wana mwenyekiti na chama cha akiba, simu ziko mkononi, na wako njia panda usiku na mchana. Kufyeka mkanda ili moto ukose cha kula si elimu ya roketi, na Chuo cha Misitu kiko hapo Londiani tangu 1957. Wape gambuti, glavu, cheti, na juu ya yote bima. Neno "kujitolea" limetumiwa vibaya. Siku hizi maana yake ni kwamba ukiungua, ni juu yako na ndugu zako.

Mwezi wa pili mwaka huu nduru ilipigwa tena, upande wa chini wa senta. Binamu yangu aliamka, akavaa viatu, akafika mlangoni. Akasimama pale akisikiliza. Kesho yake alinipigia simu, akaongea kwanza kuhusu mvua na bei ya petroli, halafu akaniambia polepole kwamba alivua viatu na kurudi kulala.