Mali Bila Daftari: Michoro ya Ng'ambo ya Ziwa



Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii huwaasa wafanyabiashara, lakini leo nataka tuitumie kuitazama historia ya michoro iliyotoka Katanga, katika nchi ile ambayo milima yake twaiona kutoka hapa Muhuta, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika.

Mwaka 1926, Georges Thiry, ofisa wa serikali ya kikoloni ya Ubelgiji, alivutiwa na picha zilizopamba kuta za nyumba huko Bukama, kando ya mto Lualaba. Hivyo alimjua Albert Lubaki, fundi wa kuchonga pembe za ndovu. Picha za ukutani hazidumu, mvua huzifuta. Thiry akampa Lubaki karatasi na rangi za maji, naye akachora watu, wanyama na miti. Mkewe, Antoinette Lubaki, alichora pia. Thiry alizipeleka kazi hizo Brussels kwa Gaston-Denys Périer, mtumishi wa Wizara ya Makoloni. Zikaonyeshwa Brussels mwaka 1929, Geneva mwaka 1930 na Paris mwaka 1931. Miaka michache baadaye mawasiliano yalikatika, na habari za Lubaki zikakatika pamoja nayo. Hata mwaka aliofariki haujulikani.

Tazameni basi: karatasi ilihifadhiwa, sauti haikuhifadhiwa. Barua za wakusanyaji zipo, lakini maelezo ya mchoraji mwenyewe kuhusu michoro yake tumeyakosa.

Sasa tulinganishe na kisa cha pili. Mwaka 1973, mjini Lubumbashi, mchoraji Tshibumba Kanda Matulu alikutana na Johannes Fabian, mwanaanthropolojia aliyekuwa akifundisha katika chuo kikuu cha mji huo. Tshibumba alijiita pia mwanahistoria. Alichora mfululizo wa picha zipatazo 100 zilizosimulia historia ya nchi yake, kuanzia enzi za kale, kupitia ukoloni, hadi kifo cha Patrice Lumumba na miaka iliyofuata. Fabian alizinunua, lakini hakuishia hapo. Walikaa wakazungumza juu ya picha moja baada ya nyingine, na mazungumzo yakarekodiwa. Lugha waliyoitumia ilikuwa Kiswahili cha Lubumbashi, lugha ya mitaa na ya migodi. Tshibumba alitoweka mwanzoni mwa miaka ya 1980, lakini maneno yake yalichapishwa kitabuni mwaka 1996, nasi tunaweza kujua alichokusudia.

Tusidanganyike, hata hivyo. Katika visa vyote viwili mnunuzi alikuwa mgeni, na picha nyingi za Lubaki ziko Ulaya; mfululizo wa Tshibumba uko Amsterdam. Atakaye kuziona sharti avuke bahari. Kuwalaumu wageni peke yao si haki, kwani twapaswa pia kujiuliza sisi tumehifadhi nini.

Nami sijitoi. Nimewahi kuchoma daftari kuukuu za wanafunzi mwishoni mwa mwaka. Pembezoni mwa kurasa mlikuwa na mitumbwi, taa za wavuvi wa ndagala, na akina mama wakikamua mawese. Sikuandika hata jina moja kabla ya kuwasha moto. Huenda hapakuwa na Lubaki miongoni mwao, sitajua kamwe.

Kukusanya michoro hakuhitaji jumba la makumbusho. Kwahitaji sanduku kavu lisilofikiwa na mchwa, na kalamu. Nyuma ya kila mchoro andikeni jina la mchoraji, mahali, tarehe, na sentensi mbili alizosema yeye mwenyewe kuhusu kazi yake. Raia anayetunza kumbukumbu za jirani yake huitumikia nchi yake.

Zoezi: Mwombe mtu mmoja wa nyumbani kwenu achore kitu anachokikumbuka kuhusu ziwa. Msikilize, kisha uandike maneno yake kwa Kiswahili kama alivyoyasema, bila kuyapamba.